PLASTIKI IMO TOPENI: JE, TUMSUSIE SAMAKI?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Leo nimeishika kalamu kwa sababu nina deni nanyi, na dawa ya deni ni kulipa.

Deni lenyewe nililikopa muhula wa kwanza, siku ya mdahalo baina ya chama chetu na Chama cha Mazingira. Wenye kumbukumbu nzuri hawajasahau. Mada ilihusu uchafuzi wa bahari. Zamu yangu ilipofika nilipanda jukwaani, nikatunisha kifua na kupaaza sauti: "Samaki wa pwani siku hizi ni plastiki tupu! Anayekula samaki anakula mfuko wa sandarusi!" Ukumbi ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Nikatuzwa kamusi, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa.

Kumbe mchimba kisima huingia mwenyewe. Mamangu ni mama karanga. Alfajiri hununua samaki kwa wavuvi, akawapara na kuwapasua, akawakaanga, na jioni akawauza kando ya barabara, si mbali na lango la shule yetu. Karo yangu hutoka katika karai lile la mafuta. Baadhi ya wateja wake ni walimu wetu, na wengine ni nyinyi mnaosoma makala haya. Wiki ile ya mdahalo alirudi nyumbani na nusu ya samaki wake wangali katika beseni. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu akaniita.

"Mwanangu," alianza taratibu, "nasikia kuna mtoto wa shule yenu amesema samaki ni plastiki. Wamjua?"

Nikainamisha kichwa. Nadhani alikwisha kujua.

"Haya. Mimi sikusoma sayansi, wewe wasoma. Hebu nambie, ni kweli au si kweli? Ikiwa ni kweli, niache kuuza, nisije nikawalisha watu sumu. Ikiwa si kweli, nende nikawaambie wateja wangu. Lakini nataka jibu la haki, sitaki maneno ya jukwaani."

Jameni, sikuwa na jibu. Nilikuwa na maneno niliyoyaokota hapa na pale nikayatia chumvi. Kuanzia siku hiyo nilianza kutafuta: maktabani, maabara, kwa babu yangu, na hatimaye ndani ya tope lenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

TULITUPA TANGU ZAMANI

Nilimwendea babu kwanza, kwa kuwa alikuwa mvuvi miaka mingi kabla macho hayajamchoka. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba na kunikaribisha barazani. Nikamuuliza, "Babu, zamani wavuvi walikuwa wakitupa nini baharini?"

Akacheka hata akakohoa. "Mjukuu wangu, tulitupa kila kitu! Kamba ikikatika, waitupa. Pakacha likichoka, walitupa. Dema likivunjika, waliacha papo hapo, wenda zako."

Nikashangaa. Mbona basi bahari haikujaa taka? Ni kwa sababu kamba ile ilisukwa kwa makumbi ya nazi, pakacha lilikuwa la makuti, na dema lilikuwa la fito. Vijidudu vya majini na topeni vinajua kuvila vitu hivyo. Baada ya muda huoza, vikawa chakula cha viumbe wengine. Leo kamba ni ya nailoni au ya plastiki ya rangi ya buluu, pakacha limegeuka mfuko, na kata ya kunywea maji imegeuka chupa. Mikono yetu inatupa vilevile kama ya babu zetu, ila kinachotupwa si kile tena.

Plastiki nyingi hutengenezwa kwa mafuta yachimbwayo ardhini na gesi. Ile ya mwanzo isiyotokana na mimea wala wanyama ilibuniwa na Leo Baekeland huko Marekani mwaka 1907. Polithini, ambayo ndiyo mama wa mifuko ya sandarusi, iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1933, tena kwa bahati tu, wanakemia walipokuwa wakijaribu jambo jingine. Baada ya Vita Vikuu vya Pili plastiki ilienea duniani kama moto wa kiangazi. Hesabu iliyochapishwa na wanasayansi mwaka 2017 ilionyesha kwamba kufikia mwaka 2015 wanadamu walikuwa wamekwisha kutengeneza takriban tani bilioni 8.3 za plastiki. Katika taka zote zilizotokana nayo, ni asilimia 9 hivi tu iliyowahi kuyeyushwa na kufinyangwa upya.

Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu sana ya kaboni, ambayo vijidudu vingi havina meno ya kuikata. Kwa hivyo haiozi kama ukuti. Jua huikausha na kuifanya iwe dhaifu, mawimbi na mchanga huisaga, nayo hupasuka vipande, na vipande hivyo hupasuka vingine. Tunaona mfuko umetoweka, tunadhani umekwisha. Wapi! Umegawanyika tu. Vipande vilivyo chini ya milimita 5 huitwa maikroplastiki. Vingine ni vidogo hata jicho halivioni bila hadubini.

Jina hilo lilipata umaarufu mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipochapisha uchunguzi wao. Walichota mchanga na tope la ufuoni, wakakuta humo nyuzi na vipande vya plastiki. Wakachunguza pia viumbe wadogo waelea majini waliokuwa wamehifadhiwa tangu miaka ya 1960, wakaona kwamba kadiri miaka ilivyosonga ndivyo plastiki ilivyoongezeka. Angalieni basi, wasomaji, kwamba habari hii tangu mwanzo ilihusu tope. Mimi jukwaani nilizungumzia mifuko inayoelea.

SAFARI YA KWENDA TOPENI

Nilipokuwa mdogo nilidhani plastiki yote huelea. Hebu jaribuni hivi nyumbani. Chukueni chupa ya soda ya plastiki, mkate kipande chake kidogo, kisha mkitie katika bakuli la maji pamoja na kizibo chake. Kisukumeni kile kipande kidogo kwa kidole ili viputo vya hewa vitoke. Kizibo kitaelea, kipande cha chupa kitazama. Ni plastiki mbili mbalimbali, moja nyepesi kuliko maji, nyingine nzito kuliko maji. Mishipi ya nailoni nayo huzama, na nyuzi za nguo za poliesta pia.

Hata ile inayoelea haielei milele. Ikikaa majini siku chache huota utelezi. Juu ya utelezi hushika mwani, kisha vikonokono na chaza wadogo. Mwisho inakuwa nzito, inashuka. Vipande vingine humezwa na viumbe wadogo sana waelea majini, vikatoka pamoja na kinyesi chao na kwenda chini. Taasisi yetu ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, yenye makao yake makuu hapa Mombasa, ni miongoni mwa waliochunguza jambo hili. Mwaka 2018 watafiti walichapisha ushahidi kwamba viumbe hao wadogo katika bahari ya Kenya wanameza maikroplastiki.

Sasa fikirini kikombe cha kahawa chungu pale barazani. Ukikitikisa, kahawa yote huwa nyeusi. Ukikiacha kitulie, mashapo hushuka chini. Bahari nayo ni hivyo hivyo. Kule nje kwenye mwamba, mawimbi hayatulii, kwa hiyo mashapo hayakai. Lakini katika mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, kama vile Tudor na Port Reitz, maji huenda polepole. Yakifika kwenye mikoko, mizizi huyapunguzia mwendo zaidi. Hapo kila kilicho chepesi na kidogo hupata nafasi ya kutua: udongo, majani yaliyosagika, na plastiki. Mikoko ni chujio la bahari, na chujio lolote hukusanya uchafu.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Mwingine ni wa wavuvi na vyombo. Lakini mwingi hutoka bara na mitaani. Mvua za masika zikinyesha hapa Mombasa, mitaro yote hukimbilia baharini na kila kilichokuwamo. Kwa miaka mingi hata jaa la taka la Kibarani lilikuwa ukingoni mwa maji ya Makupa, kabla ya kufungwa na mahali pale kupandwa miti na nyasi. Wenzetu wa Nairobi wasicheke pia. Mto wa Nairobi humwaga maji yake katika mto Athi. Athi huteremka ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Karatasi ya peremende iliyotupwa Nairobi ina njia ya kufika pwani bila nauli.

Kuna jambo jingine lililonitia hofu. Plastiki ikiwa juu ya mchanga, jua na mawimbi huendelea kuivunja. Ikizikwa katika tope la mikoko, humo hamna jua, hamna mawimbi, na hewa ni haba. Hapo huhifadhiwa kama maiti katika chumba cha barafu. Tunayoitupa leo huenda wajukuu wetu wakaichimbua.

JARIBIO LETU

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muhula wa pili, kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa kemia, sisi wanne tulikwenda Mikindani Jumamosi moja ya bamvua, maji yalipokuwa yamekupwa kabisa. Tulivua viatu, tukaingia topeni hadi magotini. Tulichota tope la juu kwa kijiko cha chuma na kulitia katika mikebe ya bati. Hatukutumia chombo chochote cha plastiki, tusije tukapata kile tulichokipeleka wenyewe.

Njia tuliyoifuata ni rahisi, shule yoyote inaweza kuijaribu. Tuliyeyusha chumvi ya mezani katika maji mpaka ikakataa kuyeyuka tena. Lita moja huchukua gramu 360 hivi. Maji hayo tukayachuja kwanza, maana hata chumvi yenyewe yaweza kuwa na chembe. Maji ya chumvi nyingi namna hiyo ni mazito kuliko maji ya bahari, kwa hiyo huinua plastiki nyingi ambazo baharini zingezama. Tulikausha tope, tukalikoroga humo, tukafunika, tukaliacha lilale usiku kucha. Asubuhi udongo ulikuwa umetua chini. Tukamimina maji ya juu kwa uangalifu katika karatasi ya kuchujia, kisha karatasi ikawekwa chini ya hadubini.

Wasomaji, mwanzo niliona vipande vya majani na mizizi tu, nikakata tamaa. Kisha mwenzangu akaguta, "Njoo uone!" Palikuwa na uzi wa buluu uliojipinda, wenye rangi kali isiyofanana na kitu chochote cha topeni. Tukaona na mwekundu, na mwingine mweusi, na kigamba chembamba cheupe. Mwalimu alitufundisha kuvigusa kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto. Uzi wa mmea huungua, wa plastiki hujikunja na kuyeyuka. Ule wa buluu uliyeyuka.

Lakini mwalimu alikuwa ametutegea mtego. Kabla ya kazi alituamuru tuweke kando kisahani chenye maji ya chumvi matupu, yasiyo na tope, kikae wazi muda wote tulipokuwa tukifanya kazi. Tulipokichunguza, lahaula! Kilikuwa na nyuzi mbili za rangi ya samawati, sawasawa na mashati yetu ya shule. Mashati hayo ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Nyuzi zilikuwa zimedondoka kutoka miilini mwetu.

"Sasa," mwalimu akasema, "mmejua kwa nini mtafiti haamini jicho lake upesi. Na mmejua pia kwamba uchafu hauji kutoka kwa watu wengine peke yao."

Yetu ni kazi ya wanafunzi, haiwezi kuhesabiwa kama utafiti. Isitoshe, chumvi haiinui vipande vya chupa za soda, kwa hiyo vilivyobaki chini hatukuviona. Ila niliyoyaona kwa macho yangu yanakubaliana na yaliyoandikwa na watafiti. Nao wamepata maikroplastiki katika maji na mashapo ya Tudor na Port Reitz, na hata katika hori ya Mida, kule Watamu.

WANAOISHI NA KULA HUMO

Tope lile tunaloliona chafu ni sahani ya chakula kwa viumbe wengi. Kaa wadogo wa mikoko huchota tope kwa gando, wakalichuja mdomoni, wakameza kilicho na chakula na kutema kilichobaki kama vidonge. Wengine huchimba mashimo marefu, wakaleta juu tope la chini. Kwa hiyo hata plastiki iliyozikwa inaweza kufufuliwa na kaa.

Yuko yule samaki mdogo wa ajabu ambaye macho yake yametokeza juu ya kichwa. Maji yakikupwa hayafuati. Hubaki akirukaruka juu ya tope na kupanda mizizi ya mikoko. Wataalamu humwita Periophthalmus. Huweza kukaa nje kwa kuwa hupumua kupitia ngozi yake yenye unyevu, na hubeba maji kidogo ndani ya mashavu yake. Huishi katika shimo alilolichimba topeni, hula kaa wadogo, minyoo na wadudu. Hasafiri mbali. Kwa sababu hiyo wanasayansi wa nchi mbalimbali humtumia kama shahidi: kilicho tumboni mwake kimetoka papo hapo.

Na yuko mkizi, ambaye mamangu humuuza sana. Tunamjua kwa hasira zake ambazo ni furaha ya mvuvi. Je, mnajua anavyokula? Maji yanapojaa, mkizi huingia na mkondo hadi kwenye tope, akainamisha kichwa na kuchota utando wa juu wenye mwani mwembamba na majani yaliyooza. Huchuja kwa matamvua, akatema mchanga mkubwa, akameza uliobaki. Tumbo lake lina sehemu nene yenye misuli kama firigisi ya kuku, kwa ajili ya kusagia. Kwa ufupi, mkizi hula tope. Ikiwa tope lina plastiki, atakwepa vipi?

Nilimwomba mama matumbo ya samaki aliokuwa akiwapasua, badala ya kuyatupa. Alinitazama kwa muda, kisha akanijazia bakuli. Mengi yalikuwa na tope jeusi tu. Katika tumbo moja la mkizi nilikuta uzi wa buluu, wa rangi ile ile ya kamba za mashua. Nilimwonyesha mama. Akauweka kwenye kiganja chake, akautazama mpaka nikaona haya kwa ajili ya ile kamusi.

Uzi kama huo unamfanya nini samaki? Katika maabara, samaki waliolishwa plastiki nyingi wameonekana kushiba bila kupata chakula cha kutosha, na matumbo yao kupata uvimbe na michubuko. Tena plastiki ina kemikali zilizotiwa kiwandani, na juu yake hunata sumu nyingine zilizomo majini. Hata hivyo ni lazima niseme ukweli wote safari hii: mara nyingi kiasi kinachotumiwa maabarani ni kikubwa kuliko kile samaki anachokutana nacho baharini.

JE, TUACHE KULA SAMAKI?

Hili ndilo swali la mama, nami sasa nalijibu.

Kwanza, ni kweli kwamba plastiki imo ndani ya samaki wetu. Ni uongo kwamba samaki ni plastiki tupu. Nilipoyasema hayo nilitia chumvi mpaka mchuzi ukaharibika.

Pili, plastiki nyingi iliyomo katika samaki hubaki tumboni na matumboni. Chembe ndogo mno zinaweza kupenya zaidi, lakini sehemu kubwa hutoka pamoja na matumbo. Samaki aliyepasuliwa, akatolewa matumbo na kuoshwa vizuri, amekwisha kuondolewa sehemu kubwa ya mzigo huo. Mama hufanya hivyo kila alfajiri, na mama yake alimfundisha kabla plastiki haijajulikana. Wa kuangaliwa zaidi ni wale tunaowala wazima pamoja na matumbo yao, kama dagaa na chaza. Kamba naye atolewe ule utumbo mweusi wa mgongoni.

Tatu, samaki si mlango pekee. Maikroplastiki imepatikana katika maji ya kunywa, katika chumvi na katika hewa tunayovuta. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walitangaza kuipata katika damu ya binadamu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019 kuhusu maji ya kunywa, lilisema ushahidi wa madhara kwa mwanadamu haujatosha, likahimiza utafiti zaidi na kupunguza uchafuzi. Basi anayesusia mkizi halafu akanywa chai yake katika kikombe cha plastiki, amekimbia mvua akaingia mtoni. Tena amejinyima chakula bora, na kumnyima mvuvi na mama karanga riziki yao, ilhali wao si waliolijaza tope.

TUFANYE NINI?

Serikali imejaribu. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Wazee wanasema tofauti inaonekana. Zamani kila mwiba wa michongoma ulivaa sandarusi. Kuanzia tarehe 5 Juni 2020 vitu vya plastiki vya kutumia mara moja, kama vikombe na mirija, vilikatazwa katika mbuga, misitu na fuo zinazolindwa. Huko Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Kimataifa, mataifa yalikubaliana mjini Nairobi mwezi Machi 2022 kuandika mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki, lakini walipokutana Geneva mwezi Agosti 2025 waliachana bila kuafikiana.

Sisi je? Tusingoje Geneva. Kila mwaka shule yetu huenda ufuoni kuokota taka, tunapiga picha, tunarudi tukijisifu. Ni vizuri, lakini ufuo ndio mwisho wa safari. Uzi ulioko topeni hauokoteki kwa mkono, na kulichimba tope lote kutaiua mikoko. Kinachowezekana ni kuzuia kabla haijafika huko. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

La kwanza, tuanze na mtaro. Mtaro ulio nyuma ya maabara hupokea taka za shule nzima na kuelekea baharini. Tuusafishe kabla ya masika, na tuweke wavu wa chuma mdomoni mwake.

La pili, tuache kuchoma plastiki katika shimo la taka. Haiungui yote. Moshi wake una sumu, na vipande vilivyosalia huchukuliwa na mvua. Sheria ya mwaka 2022 ya udhibiti wa taka inatutaka kutenga taka, basi tuwe na pipa la chupa peke yake, maana chupa zina wanunuzi.

La tatu, nguo. Watafiti wa Plymouth walionyesha mwaka 2016 kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki kwa mashine kunaweza kutoa zaidi ya nyuzi 700,000. Sisi hufua kwa mkono, ila nyuzi hutoka vilevile. Maji ya kufulia tuyapitishe katika kitambaa cha pamba, kisha tuyamwage kwenye udongo mbali na mtaro. Hayatanasa zote, lakini haba na haba hujaza kibaba.

La nne, tuzungumze na wavuvi kwa adabu. Babu amekwisha kuanza. Amewaomba vijana wa mtaani kwetu watie vipande vya kamba na nyavu kuukuu katika gunia pwani, badala ya kuviachia majini. Wamekubali, maana wao ndio wa kwanza kuona samaki wakipungua.

Nilipomaliza kumsomea mama makala haya, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na matumbo ninayoyatupa pwani?" Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Matumbo yakirudi baharini, plastiki yake inarudi topeni. Siku hizi anayafukia kwenye shimo chini ya mnazi nyuma ya nyumba. Mtu ambaye hakusoma sayansi aliongeza jambo la tano, nami mwenye kamusi nikaandika.

Walimu wapendwa, wanafunzi wenzangu, naomba radhi kwa yale niliyoyasema jukwaani. Mama yupo pale pale kando ya barabara kila jioni, na samaki wake wamepasuliwa wakaoshwa barabara. Nasi wa Chama cha Kiswahili tutakuwa kwenye mtaro wa nyuma ya maabara Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Machi, saa mbili asubuhi, pamoja na wenzetu wa Chama cha Mazingira. Njooni na majembe na magunia. Mwenye kuvaa shati la pamba avae hilo.